Anza na Kiswahili chako ukitaka kuzimudu jozi za Kiingereza

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi wanaokuja kwangu ni madereva wa malori, wachuuzi na akina mama wa sokoni. Kutwa nzima wanaongea Kiswahili, lakini karatasi wanazodaiwa maofisini ni za Kiingereza. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili; hata hivyo mikataba na hati za mkopo bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo nawasihi, maneno ya Kiingereza yanayokaribiana msiyapite hivihivi. Mengine yamebeba pesa zenu.

Chukua "borrow" na "lend". Juzijuzi mama mmoja alikuja na barua aliyoandikiwa na kijana wa jirani, ya kupeleka kwenye chama chao cha akiba na mikopo. Ilisema: "I lent two million shillings from the group." Alikuwa anaomba aongezewe muda wa kulipa, na barua ikamfanya yeye ndiye mkopeshaji. Karani alimrudisha akaiandike upya, na siku ya kulipa ilikuwa imekaribia.

Nikamuuliza, "Mama, ulikopa au ulikopesha?"

"Nikopeshe nini, mwanangu? Nilikopa."

Hakusita hata kidogo. Tofauti hiyo anaijua tangu utotoni, maana Kiswahili kimeiweka mwishoni mwa kitenzi. Kukopa ni "borrow", na huandamana na "from": nimekopa kutoka kwa fulani. Kukopesha ni "lend", na huandamana na "to": nimemkopesha fulani. Kinachotuponza ni kuazima. Tunasema "nimeazima kalamu" na pia "niazime kalamu", kitenzi kilekile pande zote mbili, na hapo ndipo linapozaliwa "borrow me a pen" ambalo utalisikia kila darasa. Ukitaka Kiingereza kinyooke, kabla hujaandika badilisha kuazima kuwa kukopa au kukopesha. Jibu litakuja lenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kujifunza na kufundisha, "learn" na "teach", na kwa kusikia na kusikiliza, "hear" na "listen".

Jozi ninayoiogopa zaidi ni "steal" na "rob", kwa sababu huwa inaandikwa kwenye maelezo ya polisi. Mtu anasema "wameniibia", kisha anaandika "they stole me". Kwa Kiingereza hiyo ina maana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyebebwa na wezi! Baada ya "steal" taja kitu: simu, ng'ombe, pesa. Baada ya "rob" taja aliyetendwa: mtu, duka, benki. Lakini usiishie hapo. Kisheria, "theft" ni wizi na "robbery" ni unyang'anyi, yaani wizi uliofanywa kwa nguvu au kwa vitisho. Simu ikichomolewa mfukoni kimyakimya kwenye msongamano wa stendi, andika "my phone was stolen". Ukipigwa au ukitishiwa kisu ndipo ikachukuliwa, "I was robbed". Nasisitiza hili kwa moyo wote, kwa kuwa hapa Uganda unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua unaweza kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo. Neno moja lisilo mahali pake linaweza kumzidishia mtu kosa, au kulipunguza kosa ulilotendewa.

Ziko sehemu ambazo Kiswahili chenyewe hakitenganishi, na hapo hakuna njia ila kukariri. Mkono ni "arm" na pia "hand", mguu ni "leg" na pia "foot", kidole ni "finger" na pia "toe". Kwenye zahanati, onyesha panapouma.

Neno "mpaka" nalo linasumbua, maana kwa Kiingereza huwa "until" au "by". "You may use the lorry until Friday" ni ruhusa inayoendelea hadi siku hiyo. "You must return the lorry by Friday" ni sharti: Jumatano sawa, Alhamisi sawa, Jumamosi umechelewa. Ukiweza kusema "Ijumaa isipite kabla hujafanya", basi ni "by". Kwenye mkataba wa kukodi gari, soma neno hilo mara mbili.

Kwenye undugu mambo hugeuka, Kiingereza ndicho chenye uchache. Mjomba na baba mdogo wote ni "uncle", ilhali sisi tunajua kila mmoja ana nafasi yake. Kwenye makaratasi ya ardhi andika "maternal uncle" kwa mjomba, na "paternal uncle" kwa ndugu wa baba. Mtoto wa baba mdogo kwetu ni ndugu kabisa, ndiyo maana Waganda wengi husema "cousin brother", lakini fomu inamtambua kama "cousin". Pakiandikwa "brother" kwenye fomu ya mirathi, jaza mtoto wa kiume wa baba yako au wa mama yako. Huyo mwingine mwandikie mstari wake.