Shangazi, mume wangu kaoa mpira

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mmarekani, tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu kazaliwa mwaka 1973 na anasema kapenda soka tangu utoto. Jumamosi anaamka gizani kutazama Ligi Kuu ya England, usiku yuko uwanjani na Columbus Crew, timu ya mji wetu, Jumapili anaanza upya. Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yetu chakula kilichelewa, naye akaondoka kwenda uwanjani wageni wakiwa bado mezani. Nikamwambia, “Ni mpira tu.” Leo ni siku ya tisa, tunaongea habari za bili na shule basi. Nifanyeje?
Mama Neema

Marahaba, Mama Neema. Siku ile mumeo alikosea, na ana haki ya kuambiwa hivyo. Crew wana mechi 17 za ligi nyumbani kwa msimu. Komunyo ya kwanza ya Neema ilikuwa moja.

Ila neno lako nalo limemchoma mahali ambapo huenda hupajui. Mtoto wa 1973 alikuwa na miaka 11 ligi ya Marekani ya wakati huo, NASL, ile aliyoichezea Pelé akiwa na Cosmos, ilipocheza msimu wake wa mwisho. Kuanzia 1985 hadi 1995 nchi yake haikuwa na ligi kuu ya taifa ya soka la uwanja wa wazi. Sisi tumekulia mahali ambapo kila mtaa una shabiki wa Simba na wa Yanga. Yeye alipenda kitu ambacho wenzake wengi shuleni walikiona mchezo wa kigeni, na bila shaka hilo “ni mpira tu” kalisikia tangu akivaa kaptura. MLS, ligi kuu ya Marekani ya sasa, ilipoanza mwaka 1996 ikiwa na timu 10, Crew walikuwa mojawapo. Kisha ikaja Oktoba 2017. Tarehe 10 Marekani ilifungwa 2–1 na Trinidad na Tobago, ikakosa Kombe la Dunia la 2018. Wiki moja baadaye ikatangazwa kwamba mmiliki wa Crew anafikiria kuihamishia timu Austin, Texas. Mashabiki walipigana zaidi ya mwaka mzima mpaka timu ikabaki. Muulize siku hizo alikuwa wapi, halafu umsikilize hadi amalize.

Kwa hiyo neno lile liombee radhi, lakini lalamiko lako usilifute. Mwambie: “Samahani kwa kusema ni mpira tu. Lakini uliniacha na wageni, na Neema alikutafuta wakati wa picha.” Ishia hapo. Chagua Jumatatu au Jumanne jioni isiyo na mechi. Timu yake ikiwa imefungwa mchana wa siku hiyo, subiri kesho yake, maana atasikia kelele tu.

Baada ya hapo kaeni na kalenda ya karatasi. Hapa ndipo ndoa nyingi za mashabiki hukwama, kwa sababu mmoja anabeba ratiba kichwani na mwingine anaambiwa asubuhi yenyewe. Kwa saa za Columbus, mechi za England Jumamosi huwa saa 1:30 asubuhi, saa 4:00 asubuhi na saa 6:30 mchana. Jumapili nyingi ni saa 3:00 na saa 5:30 asubuhi. Kila mechi, pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza, inakula karibu saa mbili. Crew wakiwa nyumbani Jumamosi, mara nyingi huanza saa 1:30 usiku. Angalieni pia mabadiliko ya saa. Marekani husogeza saa mwezi Machi wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza, na mwishoni mwa Oktoba Uingereza hurudisha saa wiki moja kabla ya Marekani. Katika wiki hizo mechi za England huja saa moja baadaye kuliko mlivyozoea, na miadi ya asubuhi inagongana nazo.

Kuhusu sherehe, ratiba ya England inayotoka Juni isikudanganye. Televisheni huhamisha mechi baadaye, na timu iliyocheza Ulaya Alhamisi husogezwa Jumapili. Ratiba ya MLS hutoka kabla ya msimu na haiyumbi sana, kwa hiyo anza na hiyo. Misa ikiwa saa 4:00 asubuhi, chakula kiwe mezani saa 7:00 kweli, maana sherehe zetu zinazoandikwa saa saba huanza saa kumi, na hapo ndipo uwanja na wageni wanapokutana. Siku kubwa kama komunyo, harusi au msiba, tiketi anampa mtu mwingine. Hilo likubaliwe sasa, kabla siku haijafika.

Wikiendi nyingine mwombe achague mechi moja ya England ya kutazama moja kwa moja, ile ya timu yake. Zilizobaki atazame marudio Neema akishalala, na wewe usimtajie matokeo. Usimkataze mpira wote. Atatazama kwenye simu chooni na mtakuwa mmeongeza uongo juu ya ugomvi. Usijilazimishe kukaa naye ukijifanya unafurahi, atakuona. Na jambo zito usilianzishe dakika ya 80.

Iko picha moja bado inadaiwa. Tafuteni Jumamosi ambayo Crew wako ugenini, mechi ya saa 6:30 ikishaisha. Neema avae gauni lake jeupe, baba yake avae suti ileile, waende wawili kwa mpiga picha. Simu yake abaki nayo mama.