Musi si ng'ombe mwitu

Sheikh mmoja kaona video ya musi (moose), mnyama wa Kanada, akauliza kama ni ng'ombe wa porini. La, sheikh, musi si ng'ombe wa porini. Wamefanana kwa kucheua, kwato zilizopasuka, tumbo la vyumba vinne na kukosa meno ya mbele ya juu, lakini koo zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita na hawawezi kuzaa pamoja. Musi ni wa jamaa ya kulungu wa nchi za baridi (kwa Kiingereza deer), tena ndiye mkubwa wao wote: dume hufikia kilo 600 na zaidi, na begani hukaribia mita 2.

Tazama pembe. Ya ng'ombe ni mfupa uliovikwa ganda gumu, akiota nayo ndiyo yake maisha. Ya musi ni mfupa mtupu, na dume peke yake ndiye anayo. Huanguka wakati wa baridi, kisha huota mpya ikiwa imefunikwa ngozi laini yenye damu na vinyweleo.

Anayechinja ataona na jengine: ini la ng'ombe lina kifuko cha nyongo, kile tunachokitoa taratibu kisije kikapasuka. Musi hana kabisa.

Ukitaka ndugu wa ng'ombe mwituni hapa Unguja, nenda msitu wa Jozani. Paa nunga, mdogo vile, ndiye wa familia moja na ng'ombe, na vipembe vyake havianguki.