StarCraft II: Majibu kwa Wanaoulaumu na Wanaousifu

Wasomaji wameandika kuhusu StarCraft II, mchezo wa kompyuta wa mikakati ya kivita ambao Blizzard Entertainment iliutoa mwezi Julai 2010, na maoni yao yamepishana kiasi kwamba asiyeujua angedhani wanazungumzia michezo tofauti. Kwa ajili yake nieleze kwa ufupi. Majeshi ni matatu: Terran, ambao ni binadamu waliohamia sayari za mbali, Zerg, viumbe wanaojibadilisha maumbile kadiri wanavyopigana, na Protoss, jamii kongwe yenye teknolojia ya hali ya juu. Kila mchezaji huchimba madini na gesi, hujenga, hutoa askari na kupigana, na yote hayo hutendeka kwa wakati mmoja bila kupeana zamu. Maswali nimeyafupisha, lakini msimamo wa kila aliyeuliza nimeuacha kama ulivyo.

Swali: Mimi ni mchezaji wa Terran, nipo ngazi ya Gold, ya tatu kutoka chini. Ninaamini Zerg wamependelewa. Nikiliangamiza jeshi lao lote, muda mfupi baadaye lingine limeshajaa mlangoni kwangu. Kwa nini watengenezaji hawalioni hili?

Ulichokiona ni kweli, ila sababu uliyoitaja siyo. Barracks moja, jengo la Terran la kuzalisha askari, hutoa askari mmoja baada ya mwingine, au wawili kwa pamoja ikiwa imeongezewa kiambatisho cha Reactor, kwa hiyo jeshi lako hukua hatua kwa hatua. Zerg hawafuati utaratibu huo. Karibu askari wao wote, pamoja na wafanyakazi wao, hutokana na viluwiluwi vinavyozaliwa kwenye Hatchery, jengo kuu la kambi yao, na kiumbe wao aitwaye Queen huongeza idadi ya viluwiluwi hivyo. Mchezaji aliyejiwekea viluwiluwi na madini ya kutosha anaweza kuvigeuza vyote kuwa askari kwa mkupuo mmoja. Gharama ya uwezo huo haionekani haraka: kiluwiluwi kilichotoa Zergling wawili, askari wao wadogo, hakiwezi tena kutoa mfanyakazi. Kwa hiyo, ukishaliangamiza jeshi lake, usijiulize jipya limetoka wapi; jiulize alikuwa na kambi ngapi na wafanyakazi wangapi wakati ulipokuwa ukimpiga.

Fungua rekodi ya mchezo ulioshindwa, isimamishe kwenye dakika hiyo hiyo, kisha uzitazame hesabu za pande zote mbili. Kambi ya kawaida ina vitalu vinane vya madini na vyanzo viwili vya gesi. Wafanyakazi 16 hutosha kwenye madini, yaani wawili kwa kila kitalu, na watatu hutosha kwa kila chanzo cha gesi, hivyo kambi moja iliyojaa ina wafanyakazi 22 na kambi tatu zina 66. Kosa ninaloliona mara nyingi katika rekodi za ngazi yako ni Terran anayeacha kabisa kuongeza wafanyakazi tangu pambano la kwanza linapoanza, kwa kuwa macho yake yote yamehamia kwenye askari, huku mpinzani wake akiendelea kujaza kambi ya tatu kimyakimya. Pambano analishinda, uchumi anashindwa, na lawama inaiangukia Zerg.

Kuna pia mfumo wa kupanga wapinzani. Mfumo huo hukutafutia mtu wa kiwango chako, na kila unaposhinda hukusogeza juu hadi ukutane na watakaokushinda, kiasi kwamba wachezaji wengi huishia kushinda karibu nusu ya michezo yao, wawe wa jeshi lolote. Ikiwa unawashinda Protoss mara nyingi na kushindwa na Zerg mara nyingi, hilo linaeleza kwanza ni mapambano yapi uliyoyazoea.

Sisemi kwamba upendeleo haujawahi kuwepo. Mwezi Mei 2012 Queen aliongezewa umbali wa kupiga askari wa ardhini, kutoka 3 hadi 5, na Zerg wakaweza kuongeza kambi mapema bila kuhofia sana mashambulizi. Sehemu kubwa ya mwaka huo ilitawaliwa na jeshi la viumbe wa Zerg waitwao Infestor na Brood Lord, ambalo hata wachezaji bora duniani walihangaika kulivunja. Malalamiko ya wakati ule yalikuwa na msingi, na hatimaye Infestor akapunguzwa nguvu. Vivyo hivyo Mothership Core, chombo cha angani ambacho wengi waliona kinawalinda Protoss kwa urahisi mno, kiliondolewa kabisa mwezi Novemba 2017. Lakini waliolalamika kwa haki katika nyakati hizo walikuwa wameshafanya kila kilichowezekana upande wa uzalishaji, na bado hawakuona njia. Wewe bado una njia nyingi.

Swali: Rafiki yangu anasema huu ni mchezo wa vidole, si wa akili, na kwamba aliye mwepesi wa kibodi humshinda mwenye mpango mzuri. Je, ni kweli?

Kasi ina uzito, na sitaki kumbishia rafiki yako katika hilo. Wachezaji wa kulipwa hupita vitendo 300 kwa dakika, na mtu anayetoa amri 60 hawezi kuongoza vita viwili huku akijenga kambi mpya. Hata hivyo, kasi ni chombo cha kugawa umakini tu. Haimwambii mtu umakini huo aupeleke wapi.

Ushahidi mzuri ulitolewa Januari 2019, pale kampuni ya DeepMind ilipoonyesha AlphaStar, programu iliyojifunza kucheza StarCraft II kwa Protoss. Programu hiyo iliwafunga wachezaji wawili wa kulipwa, TLO na MaNa, michezo mitano kila mmoja. Wachezaji wengi walipinga namna ushindi huo ulivyopatikana, nami naona walikuwa na haki: iliona kwa pamoja kila sehemu ya ramani iliyokuwa wazi kwa upande wake, bila kusogeza kamera kama binadamu, na katikati ya mapigano iliweza kutoa amri kwa wingi na usahihi ambao mkono wa mtu hauwezi kuufikia. Kisha ukachezwa mchezo mmoja wa moja kwa moja dhidi ya MaNa, safari hii programu ikilazimika kutumia kamera. MaNa alipeleka Warp Prism, chombo cha kubebea askari, yenye Immortal, askari wazito wa Protoss, ndani yake nyuma ya kambi ya mpinzani, akawashusha, akawapakia jeshi lilipofika, kisha akawashusha tena lilipoondoka. Jeshi zima la AlphaStar likawa linakwenda na kurudi bila kufanya la maana, na MaNa akatumia muda huo kujiimarisha hadi akashinda. Hakushinda kwa vidole; aligundua kwamba mpinzani wake hajui kugawanya jeshi.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo toleo jipya, lililowekewa mipaka ya kamera na ya idadi ya vitendo, lilifika ngazi ya Grandmaster, ya juu kabisa, kwa majeshi yote matatu na kuwapita asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa. Lilifika huko likiwa limebanwa kasi, na hilo ndilo rafiki yako anapaswa kulitafakari.

Swali: Nikianza tu mchezo navamiwa na Zergling kabla sijajenga chochote cha maana. Je, ushindi wa namna hii ni halali? Kwa nini usipigwe marufuku?

Ni halali, na ni wa lazima. Ukiondoa hatari ya kuvamiwa mapema, hakuna atakayejenga askari hata mmoja kabla ya kambi ya tatu, na sehemu yote ya mwanzo itakuwa hesabu tupu ya wafanyakazi. Anayekuvamia hivyo ametumia madini 200 kwenye Spawning Pool, jengo linalomwezesha kutoa Zergling, mapema mno na amejinyima wafanyakazi ambao angewahitaji baadaye. Ukinusurika bila hasara kubwa, wewe ndiwe uliye mbele.

Kunusurika kunahitaji mambo ya kawaida. Mtume mfanyakazi mmoja akachungulie kambi ya mpinzani, uzibe njia ya mteremko kwa majengo ikiwa wewe ni Terran au Protoss, na uwatoe wafanyakazi kwenye madini wapigane pamoja na askari wako wa kwanza badala ya kuwaacha wauawe wakichimba. Wanaoanza huona vibaya kuwatoa wafanyakazi, kana kwamba wanapoteza mapato. Wanayapoteza kwa sekunde chache tu.

Wapo wanaolalamika kutoka upande wa pili, kwamba mwanzo wa mchezo umefupishwa mno. Hadi Heart of the Swarm, nyongeza ya mchezo huu iliyotoka mwaka 2013, kila mchezaji alianza na wafanyakazi 6. Nyongeza iliyofuata, Legacy of the Void ya mwaka 2015, iliwafanya 12, na mbinu kadhaa za dakika za kwanza zikafa. Naielewa huzuni yao, lakini mimi ninauunga mkono uamuzi huo, kwa sababu muda ule wa mwanzo ulikuwa wa kusubiri zaidi kuliko wa kuamua.

Swali: Kaka yangu anashikilia kwamba Brood War ya mwaka 1998, nyongeza ya StarCraft ya kwanza, ni bora, na kwamba StarCraft II ilirahisisha kila kitu. Nani ana haki?

Kaka yako ana haki zaidi ya vile ambavyo wachezaji wapya wangependa kukubali. Katika Brood War huwezi kuchagua askari zaidi ya 12 kwa mara moja, huwezi kuamuru majengo kadhaa yazalishe kwa pamoja, na mfanyakazi aliyezaliwa hukaa akisubiri umpeleke kwenye madini kwa mkono wako. StarCraft II iliondoa vikwazo hivyo vyote. Ikiwa hicho ndicho anachokiita kurahisisha, basi mimi nakiona kuwa ni nafuu ya haki, kwa kuwa kazi ya kumwonyesha kila mfanyakazi njia haina uamuzi wowote ndani yake.

Hasara kubwa ipo mahali pengine, na ni wachache wanaoitaja. Askari wa Brood War hutembea kwa kutawanyika na kukwamana, lakini wa StarCraft II hutiririka pamoja na kushikamana kama maji bondeni, hivyo silaha inayopiga eneo zima, kama Baneling, kiumbe wa Zerg anayejilipua, au Psionic Storm, dhoruba ya Protoss, inaweza kuteketeza sehemu kubwa ya jeshi ndani ya sekunde chache. Vilevile, katika Brood War askari anayefyatua kutoka chini kwenda kilimani hukosa shabaha mara nyingi, kwa hiyo kikosi kidogo kilichoshika mlima kinaweza kulizuia jeshi kubwa. Sheria hiyo haimo katika StarCraft II. Ukishapata wa kukuonyesha kilichopo juu, mlima haumlindi tena aliyeushika. Matokeo yake ni kwamba katika mchezo wa zamani ardhi hugombewa hatua kwa hatua, na katika mpya pambano moja linaweza kumaliza kila kitu wakati mchezaji ametazama kambi yake.

Anayependa vita vya kushikilia eneo achague Brood War, na toleo la Remastered la mwaka 2017 litamfaa, kwa kuwa lilisafisha picha na sauti bila kugusa sheria, hata ile ya askari 12. Mimi hupendelea kutazama Brood War na kucheza StarCraft II, na sioni haja ya kuacha mmoja.

Swali: Nasikia mchezo huu umekufa, na kwamba ni wa Wakorea peke yao. Je, nijifunze sasa au nimechelewa?

Hujachelewa. Mwezi Oktoba 2020 Blizzard ilitangaza kwamba haitatengeneza tena maudhui ya kuuzwa ya StarCraft II, na wengi wakatafsiri tangazo hilo kuwa ni kifo. Lakini marekebisho ya mizani kati ya majeshi yaliendelea kutolewa baada ya hapo, na mashindano hayakukoma. Tangu Novemba 2017 mtu anaweza kucheza na wenzake bila kulipa. Kuhusu Korea Kusini, ni kweli kwamba ndiko mchezo huu ulikolelewa, na kwa miaka mingi ubingwa wa dunia ulibaki huko, lakini mwaka 2018 Serral wa Ufini alimfunga Stats wa Korea Kusini 4 kwa 2 katika fainali na kuuchukua.

Swali: Nauona mchezo ni mzuri lakini sipendi kushindana, nikipoteza dhidi ya mtu mikono inatetemeka na sifurahii tena. Je, kuna maana yoyote ya mimi kuucheza?

Ipo, tena kubwa, na ninasikitika kwamba maoni mengi yanayosomwa kuhusu StarCraft II huandikwa na wanaoshindana, kana kwamba wengine hawapo. Kampeni ya Wings of Liberty, yaani hadithi ya kucheza peke yako iliyokuja na toleo la kwanza la mwaka 2010, ambayo nayo haina malipo, ni miongoni mwa kampeni zilizobuniwa vizuri zaidi katika michezo ya aina hii. Karibu kila misheni ina sheria yake. Katika moja, lava hupanda kila baada ya muda na kufunika maeneo ya chini yenye madini, ukalazimika kuwaondoa wafanyakazi kwa wakati. Katika nyingine, walioambukizwa na Zerg hutoka kushambulia usiku na kujificha mchana. Katika nyingine tena, ukuta wa moto wa nyota inayolipuka unakufuata nyuma na kukulazimisha kuhamisha kambi nzima. Kuna wanaosema hadithi yake ni dhaifu kuliko ile ya mwaka 1998, na katika mazungumzo ya wahusika nakubaliana nao, lakini misheni zenyewe hazina mfano wake katika mchezo wa kwanza.

Ukimaliza hapo, ingia kwenye Co-op, ambapo watu wawili husaidiana dhidi ya kompyuta. Makamanda ni 18, kila mmoja na askari na uwezo wake. Raynor, Kerrigan na Artanis huchezwa bure hadi mwisho, na waliobaki unaweza kuwajaribu hadi kiwango cha 5 kabla ya kuamua kununua. Anza na Raynor kwenye kiwango cha ugumu cha Casual, kilicho rahisi zaidi, kwa kuwa jeshi lake linafanana sana na lile utakalokuwa umelizoea katika kampeni, na mwenzako hatakulaumu ukichelewa.