Maswali ya Wasomaji: David Moyes, Beki wa Timu Saba Aliyegeuka Kocha

Tangu Everton waifunge Manchester United 1-0 pale Old Trafford Novemba 2025, maswali mnayonitumia yamekuwa ya mtu mmoja tu: kocha wao David Moyes. Wengine mnamsifu, wengine bado mna hasira naye tangu enzi zile alipoifundisha United. Leo nayajibu ya kwake peke yake.

Everton walishindaje mechi ile wakati walikuwa pungufu? (Msomaji, Tandale)

Kwa nidhamu ya nyuma, maana mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya kweli. Dakika kumi tu zimepita, Seamus Coleman akaumia na kutolewa. Muda mfupi baadaye, dakika ya 13, Idrissa Gueye akazozana na mwenzake Michael Keane baada ya timu kupoteza mpira, akamzaba kibao usoni. Refa akatoa kadi nyekundu. Wachezaji wa timu moja, jezi moja! Timu nyingi zingesambaratika hapo hapo.

Dakika ya 29 Kiernan Dewsbury-Hall akafunga, na kuanzia hapo ikawa kazi ya mabeki kwa zaidi ya saa nzima. Ukipata nafasi ya kuirudia mechi hiyo, usiufuate mpira. Mwangalie James Tarkowski na Keane, yuleyule aliyezabwa kibao. Mmoja akitoka kwenda kuziba, mwingine anarudi kumfunika, na pengo kati yao halizidi hatua chache. Hakuna anayekurupuka. Moyes aliwahi kwenda Old Trafford mara nyingi na timu tofauti, lakini huo ndio ushindi wake wa kwanza wa ligi pale akiwa kocha wa wageni.

Huyu mzee aliwahi kucheza mpira kweli? Mbona hatujawahi kumsikia? (Msomaji, Morogoro)

Alicheza, tena karibu miaka 20, akiwa beki wa kati. Hukumsikia kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji aliimalizia kwenye madaraja ambayo televisheni haikufika.

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1963, na alianzia Celtic. Alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Uskoti msimu wa 1981/82, lakini namba ya kudumu hakuipata. Mwaka 1983 akaondoka kwenda Cambridge United ya daraja la pili England. Msimu huo Cambridge walicheza mechi 31 za ligi mfululizo bila kushinda hata moja. Wakashuka daraja. Msimu uliofuata wakashuka tena. Hebu fikiria kijana aliyetoka kwa mabingwa wa nchi anavyoamka asubuhi kwenda mazoezini katika hali hiyo, wiki baada ya wiki.

Kutoka hapo akaenda Bristol City, ambako alifika Wembley mwaka 1986 na kutwaa kombe la timu za madaraja ya chini kwa kuifunga Bolton 3-0. Kisha Shrewsbury Town, akarudi kwao Uskoti kuchezea Dunfermline, akapita Hamilton kwa muda mfupi, na mwaka 1993 akatua Preston North End. Timu saba, mechi za ligi zaidi ya 500. Timu ya taifa ya wakubwa hakuitwa hata mara moja. Preston walipomchukua kijana David Beckham kwa mkopo mwaka 1995, Moyes alikuwa mmoja wa mabeki wakongwe aliowakuta kwenye kikosi.

Mimi ni beki, nina miaka 23, nacheza ligi za chini hapa Kakamega. Nataka ukocha baadaye. Nisubiri nistaafu kwanza? (Msomaji, Kakamega)

Usisubiri, ndugu yangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu yote hii kuhusu Moyes.

Moyes alianza kusomea ukocha akiwa na miaka 22, umri ulio chini ya wako. Alikuwa bado ana zaidi ya miaka kumi ya kucheza mbele yake. Baba yake alikuwa mtu wa mpira pia, akijitolea Drumchapel Amateurs, klabu ya ridhaa ya Glasgow ambayo hata Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, aliwahi kuichezea. Kwa hiyo kijana alikua akiona mpira ukiandaliwa: nani anabeba mipira, nani anaita watoto, nani anapanga kikosi usiku. Kozi za chama cha soka cha Uskoti zilifanyika Largs, mji wa pwani ambako Ferguson na José Mourinho nao walisomea. Wenzake wakienda mapumziko ya msimu, yeye alikuwa na daftari.

Matokeo yake yalionekana Januari 1998. Preston walikuwa hatarini kushuka kutoka daraja la tatu, kocha akaondoka, na klabu ikamkabidhi timu beki wao mwenye miaka 34. Hakuhitaji kwenda shule wakati huo, shule alikuwa amekwishaimaliza. Aliiokoa timu, akaipandisha mwaka 2000 ikiwa bingwa, na mwaka 2001 akaifikisha fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, ambako Bolton waliwafunga 3-0.

Basi ushauri wangu kwako ni huu. Nenda ofisi za soka za kaunti yako uulizie kozi ya leseni D ya CAF, ambayo ndiyo ngazi ya chini na ndiyo mlango. Wakati unasubiri nafasi, chukua watoto wa mtaani kwako wa chini ya miaka 13 uwafundishe mara mbili kwa wiki, hata kama mna mpira mmoja. Na kwenye timu yako mwenyewe, kila mazoezi yakiisha, muulize kocha kwa nini alipanga zoezi lile na si jingine, kisha andika jibu. Makocha wengi wanafurahi wakiulizwa, maana wachezaji hawana tabia hiyo. Ukifika miaka 34 na madaftari kumi, utakuwa na kitu cha kusema siku watakapokuita.

Kwa nini mabeki wa kawaida, wasio mastaa, wanakuwa makocha wazuri? (Msomaji, Dodoma)

Si wote, tusidanganyane. Lakini mifano ipo: Sean Dyche alikuwa beki wa Chesterfield, Bristol City, Millwall na kwingineko kabla ya kuipandisha Burnley Ligi Kuu mara mbili. Chris Wilder naye alikuwa beki wa kuhamahama, kisha akaipandisha Sheffield United kutoka daraja la tatu hadi Ligi Kuu.

Beki wa kati uwanja mzima uko mbele ya macho yake, na nusu ya kazi yake ni ya mdomo: kupanga wenzake, kuwaonya, kuwatuliza. Hilo linasemwa sana na ni kweli. Mimi naona kubwa zaidi ni macho. Mtu aliyezunguka Cambridge, Shrewsbury na Preston anajua kuwa mpira mzuri upo hata kule chini, na anajua kuutambua. Angalia mabeki aliowasajili Moyes awamu yake ya kwanza Everton, kati ya 2002 na 2013. Joleon Lescott alimtoa Wolves, Phil Jagielka Sheffield United, John Stones Barnsley akiwa kinda. Wote watatu waliichezea England. Coleman alimleta kutoka Sligo Rovers ya Ireland kwa pauni 60,000 tu mwaka 2009, na ndiye huyo aliyeumia Old Trafford akiwa bado mchezaji wa Everton. Hata kiungo Tim Cahill alitoka Millwall, daraja la pili. Kocha aliyekulia kwenye klabu kubwa pekee angewaona wangapi kati ya hawa?

Ni Moyes aliyemgundua Wayne Rooney? (Msomaji, Buguruni)

Hapana. Rooney alikuwa Everton tangu utotoni, na Moyes alifika Machi 2002. Alichofanya Moyes ni kumwamini akiwa na miaka 16. Oktoba 2002, siku chache kabla ya kutimiza 17, Rooney aliifunga Arsenal bao lililovunja rekodi yao ya kutofungwa mechi 30 za ligi. Wengi wenu mlimwona kwa macho yenu Julai 2017, alipoifungia Everton kwa shuti la mbali dhidi ya Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ingawa wakati huo kocha alikuwa mwingine.

Mimi ni Manchester damu. Kama Moyes ni mzuri hivyo, mbona alituharibia? (Msomaji, Mombasa)

Nakuelewa, na sitamtetea kwa kila kitu.

Alirithi mabingwa mwaka 2013, akapewa mkataba wa miaka sita na kutimuliwa Aprili 2014, baada ya miezi kumi. Klabu yenyewe ina lawama. Ferguson na mtendaji mkuu David Gill waliondoka pamoja, kikosi kilikuwa kimezeeka, na dirisha zima la kiangazi likafungwa akiwa ameletewa mchezaji mmoja wa maana, Marouane Fellaini, tena siku ya mwisho.

Lakini kosa moja ni lake. Aliliondoa benchi la ufundi lililoijua timu, akaleta watu wake wa Everton. Mmoja wa walioondoka ni kocha René Meulensteen. Sasa njoo Februari 2014, Old Trafford, United dhidi ya Fulham waliokuwa mkiani, na kocha wa Fulham ni Meulensteen huyohuyo. United walipiga krosi 81 siku ile. Mechi ikaisha 2-2, Fulham wakisawazisha dakika za nyongeza. Beki wao kijana, Dan Burn, alisema baadaye kwamba hakuwahi kupiga vichwa vingi hivyo tangu alipokuwa ligi za chini.

Hilo ndilo linaloniuma mimi. Beki mrefu wa kati hakuna anachokipenda kama krosi ya juu inayomjia usoni: anaiona inatoka wapi, anajipanga, anaruka, anaipiga. Moyes mwenyewe aliishi kwa mipira hiyo miaka karibu 20. Nadhani presha ilimrudisha kwenye kile alichokizoea kwenye timu ndogo, wakati alikuwa na wachezaji wa kucheza vingine. Kocha wa kujenga anahitaji muda, na United ile haikuwa na muda wa kumpa, naye hakuonyesha kwamba angeutumia vizuri.

Ana kombe gani la maana? Everton miaka 11 hakuna kitu! (Msomaji, Arusha)

Ni kweli, awamu ile ya kwanza aliondoka mikono mitupu. Aliipeleka Everton nafasi ya nne mwaka 2005, na mwaka 2009 alifika fainali ya Kombe la FA. Louis Saha akafunga sekunde ya 25, lakini Chelsea wakageuza na kushinda 2-1.

Kombe lilikuja akiwa na West Ham. Tarehe 7 Juni 2023, Prague, fainali ya Conference League, kombe la tatu kwa ukubwa la klabu za Ulaya, dhidi ya Fiorentina ya Italia, 1-1 hadi dakika ya 90. Lucas Paquetá akapenyeza pasi katikati ya mabeki, Jarrod Bowen akatoroka nayo peke yake na kufunga. Ni kombe kubwa la kwanza la West Ham, Wagonga Nyundo, tangu 1980. Moyes alikuwa na miaka 60. Baada ya sherehe alikwenda kumvisha medali baba yake, mzee wa miaka 87, yule wa Drumchapel. Wewe unayesema hana kitu, kaitafute picha hiyo.

Kuna Mkongomani aliyewahi kufundishwa na Moyes? (Msomaji, Goma)

Yupo: Arthur Masuaku, beki wa kushoto wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, alikuwa West Ham katika awamu zote mbili za Moyes pale. Mtafute Desemba 2021 dhidi ya Chelsea, matokeo 2-2, dakika ya 87. Masuaku alikuwa ameingia kutoka benchi, akapiga mpira kutoka pembeni kushoto, kipa Édouard Mendy akaushindwa kwenye nguzo ya karibu, West Ham wakashinda 3-2. Kama ilikuwa krosi au shuti, mashabiki wa London wanabishana hadi leo.