Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya mipaka ya maeneobunge na wadi za Kenya

Wadogo zangu, nimesoma rasimu za memoranda, yaani maoni ya maandishi kwa tume ya mipaka (IEBC), mlizoandika kwa niaba ya wakazi wa Nakuru na Kisumu, na makosa ni yale yale ya tangu mapitio ya mipaka ya 2012. Bidii mnayo, na nawapenda kwa hilo. Lakini mkikosea, anayeumia ni mama wa Kaptembwo anayesubiri wadi yake igawanywe.

1. Hesabuni wakazi, si wapiga kura. Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema hivyo waziwazi. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawanya kwa maeneobunge 290, unapata takriban 164,015. Hicho ndicho kigezo cha eneobunge. Lakini kila mgeni hukimbilia sajili ya wapiga kura kwa sababu imepangwa vizuri, kituo kwa kituo.

Kuna kijana tuliyefanya kazi naye, kichwa chepesi kuliko wengi wetu. Alitayarisha memoranda ya mitaa ya nyumba za kupanga Nakuru Mjini Magharibi kwa hesabu za sajili. Majedwali safi, ramani ya kupendeza. Kwenye kikao na wakazi, mzee mmoja akainuka, akauliza kwa upole: "Mwanangu, ploti yetu ina vyumba kumi na viwili. Mimi napigia kura Vihiga, jirani yangu Bungoma, yule wa chumba cha mwisho Kisii. Watoto bado hawajafika umri. Hapo umetuandika wangapi?" Kijana akapekua karatasi, ukurasa baada ya ukurasa. Ploti nzima haikuwemo. Makarani wa sensa waliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 25, na wale wote walikuwa wamelala hapo. Mtaa uliofurika watu ukaonekana mdogo, na hoja ya kugawa wadi ikafia mikononi mwa watetezi wake. Halafu fikirieni wale watoto: wao ndio wanaobanana kwenye chekechea, na chekechea ni jukumu la kaunti. Mwakilishi wadi wao anapigania darasa kwa hesabu isiyowatambua. Jambo hili bado linaniuma.

2. Msilale kwa kuona wastani wa kaunti ni mzuri. Kisumu, watu 1,155,574 kwa maeneobunge 7, inatoa kama 165,082, karibu sawa na kigezo. Shukeni wadi kwa wadi ndipo mjue ukweli. Vihiga wastani ni kama 118,003, ilhali asilimia 30 chini ya kigezo, ambayo ndiyo kikomo kwa maeneo ya kawaida, ni kama 114,810. Eneobunge likipungua kidogo tu chini ya wastani huo, limeanguka chini ya kikomo hicho. Ile kinga ya kutopoteza eneobunge ilikuwa ya mapitio ya kwanza pekee, yale ya 2012, kwa hivyo msiwaahidi watu wa nyumbani msichoweza kuwapa. Miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kupishana na kigezo hadi asilimia 40.

3. Tembeeni mpaka kwa miguu. Nyalenda A iko Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Kwenye kompyuta huo ni mstari tu. Mtaani simama kwenye kioski cha maji uwaulize wenye mitungi wametoka wapi, watoto wao wanasoma wapi, wakiugua wanakwenda zahanati gani. Katiba inataja mshikamano wa jamii na njia za mawasiliano, na majibu hayo ndiyo ushahidi wake. Yaandikeni siku hiyo hiyo, pamoja na jina la njia.

4. Tarehe. Mapitio yakikamilika na uchaguzi mkuu uko ndani ya miezi 12, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Waelezeni wakazi mapema. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, zikihesabiwa tangu mipaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mtafuteni wakili kabla ya siku hiyo.