Tairi linajazwa upepo, acheni kulilazimishia hewa

Mama mmoja wa Mbagala kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya Kiingereza. Kapewa neno deflate aandike Kiswahili chake, nikamwambia andika kutoa upepo. Daftari limerudi na mkasi mwekundu wa kukosa, mwalimu kasahihisha kuondoa hewa, eti upepo ni ule unaovuma nje, ndani ya tairi ni hewa. Baba yake yeye anasema ni kunywea. Nani yuko sahihi? Na kwenye mambo ya bei hilo neno linakuwaje?"

Marahaba mwanangu. Wewe uko sahihi, na mumeo yuko sahihi, na huo mkasi mwekundu umenikera kweli maana sio wa kwanza kuuona, miaka nenda rudi nakutana na watu wazima waliosoma wanawasahihisha wenzao hivyo hivyo, "sema hewa, usiseme upepo", na wanaosahihishwa ndio waliokuwa wanaongea Kiswahili.

Twende kwa fundi pancha. Wa mtaani kwetu kapanga viraka vyake kwenye bati chini ya mwembe, na pale barabarani kasimamisha tairi bovu kaliandika kwa rangi nyeupe UPEPO. Juzi kaletewa bodaboda, kavua tairi, kavuta tyubu, kaijaza kidogo, kaizamisha kwenye beseni la maji anaizungusha taratibu mpaka mapovu yakaanza kupanda, kaweka kidole pale pale asije akapapoteza, akamwambia mwenye pikipiki "upepo unatokea hapa". Mapovu yalikuwa mawili matatu tu, madogo kama punje za mtama, na kila mtu pale aliona upepo. Tembea kuanzia Buguruni mpaka Tegeta uhesabu matairi yaliyoandikwa UPEPO barabarani, halafu nitafutie moja lililoandikwa HEWA.

Hoja ya hao wasahihishaji ni kwamba upepo ni hewa inayotembea, sasa ya kwenye tairi imetulia. Hiyo ni fizikia ya darasani, sio maana ya neno. Upepo ni neno letu la Kibantu, ukoo mmoja na kupepea na kupepeta, nao ukoo huo unashika hewa yoyote inayosukumwa au inayosukuma, ya feni, ya mapafu, ya pampu. Hewa tumeipokea kutoka Kiarabu na ina kazi zake nzuri kabisa, chumba hakina hewa, hewa chafu, redio iko hewani. Na hapa Tanzania imepata kazi nyingine, tangu ule uhakiki wa 2016 hakuna asiyejua wafanyakazi hewa ni watu gani, ni wale walioko kwenye orodha ya mishahara na kazini hawapo. Sasa mtu anayetaka tairi langu liwe na hewa nashindwa kumuelewa, mimi nataka liwe na upepo nifike Kariakoo. Jaribu tu kulisema kwa sauti: "gari limeisha hewa". Hakuna dereva atakayeinama kuangalia tairi, atadhani umeishiwa pumzi.

Kiingereza chenyewe hakimsaidii mwalimu. Neno deflate lilitungwa miaka ya 1890 kwa ajili ya maputo, wakaligeuza kutoka kwenye inflate, na mzizi wake wa Kilatini maana yake ni kupuliza. Hakuna hewa mle. Watoto wa Dar wanaoita puto pulizo wako karibu na Kilatini kuliko hilo jibu la mkasi.

Tatizo kubwa zaidi la kuondoa hewa ni kwamba linafuta tofauti ambazo sisi tunazo na hilo deflate halina. Kitenzi hicho ni kimoja, awe katoa mtu au limejiishia lenyewe. Sisi mgambo akiichomoa ile valvu ya bodaboda iliyoegeshwa vibaya, katoa upepo, kuna mtu wa kulaumiwa. Ukiamka asubuhi ukalikuta limelala, limeisha upepo. Likiwa linashuka kidogo kidogo, linavuja au linapunguza upepo. Mwaka 2015 Marekani walizozana kuhusu mipira ya New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, iliyokutwa chini ya pauni 12.5 kwa inchi ya mraba, kiwango cha chini kilichoruhusiwa, wao wakasema deflate, mimi ningesema ilidaiwa mipira imepunguzwa upepo, maana ilikuwa bado inachezewa, ingekuwa imetolewa upepo mechi ingesimama.

Halafu kunywea, hili la mumeo, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linaandikwa sawa na la kikombe cha kunywea chai lakini ni lingine. Kunywea ni umbo, ni kitu kilichokuwa kimejaa kikawa kimesinyaa, pulizo siku ya pili baada ya bethidei limenywea, na mtu pia hunywea: kijana anaongea kwa kujiamini kijiweni, baba yake akatokea nyuma, kanywea pale pale, mabega yameshuka. Anayemfanya mtu anywee kwa maneno tunasema kamshushua. Hebu mwalimu aje anitafsirie hapo kwa kuondoa hewa.

Kwenye bei nitasema kwa kifupi. Inflation tumeshaiita mfumuko wa bei na limekaa vizuri. Kinyume chake ni kushuka kwa bei, bei zenyewe zinarudi chini kwa ujumla. Sio kushuka kwa mfumuko. Nchi yetu mfumuko ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022 ukawa 3.8 mwaka 2023, yani umeshuka, na bei bado zilikuwa zinapanda, ila kwa mwendo mdogo zaidi. Watu wanasikia umeshuka wanaenda sokoni na hasira.

Kwa hiyo mwanangu, kwenye daftari mwambie mtoto aandike mistari miwili: kutoa upepo, kama kuna aliyefanya, kuisha upepo au kunywea, kama kimejiendea chenyewe. Na alama yake arudishiwe.