Umbo la bidhaa kusajiliwa kama alama ya biashara

Inawezekana, ila si kila umbo. Chupa ya Coca-Cola ilisajiliwa Marekani mwaka 1960, maana hata ukiipapasa gizani bila lebo unajua ni ya nani. Tofali la Lego lilikwama Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2010: vile vinundu vya juu ndivyo vinavyoshikanisha matofali, na kitu kinachofanya kazi ya kiufundi hakilindwi kwa alama ya biashara. Hiyo ni kazi ya hataza (patent, yaani haki ya kulinda uvumbuzi), ambayo huisha, kwa kawaida baada ya miaka 20. Alama unaihuisha hata milele, ndiyo maana wenye hataza zilizokwisha hupenda kujaribu mlango huu. Soma hukumu ya TrafFix ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 2001, kuhusu springi mbili za kushikilia vibao vya barabarani visiangushwe na upepo. Kampuni iliyokuwa na hataza ya springi hizo ilichemsha kwa sababu hiyohiyo.

Halafu, umbo kuwa la urembo tu halitoshi. Marekani utatakiwa uthibitishe kwamba wateja wakiliona wanakufikiria wewe, na huo ushahidi si rahisi kuupata kwa bidhaa mpya.